TAI MWENYE KISHUNGI, MWINDAJI WA MSITUNI

Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa barazani mbele ya wakulima, wafugaji na wanafunzi wa mahali pamoja kando ya msitu wa Mlima Kenya. Tunayachapa kwa kuwa wasomaji waishio karibu na misitu wamekuwa wakiuliza habari za ndege huyu.



Nimeitwa hapa kwa sababu ya mbuzi mmoja. Hiyo ndiyo kweli, wala sioni haya kuitaja. Wiki tatu zilizopita mwana-mbuzi wa mzee mmoja wa hapa, aliyezaliwa siku chache tu kabla, alinyakuliwa mchana kweupe penye ukingo wa msitu. Mchungaji, mtoto wa miaka 9, alirudi nyumbani akilia na kusema kwamba ndege mkubwa kama mtu ameshuka kutoka mtini. Tangu siku ile maneno yamekuwa mengi. Wengine wanasema mti wenye kiota ukatwe. Wengine wanasema nyama itiwe sumu na kuwekwa juu ya jabali. Na wengine, hasa kina mama, wanauliza neno zito kuliko yote: ikiwa leo amechukua mwana-mbuzi, kesho hatachukua mtoto? Basi nitaeleza habari za ndege huyo kama zijulikanavyo, mazuri yake na mabaya yake, kisha ninyi wenyewe mtashauriana, maana mti uko kwenu, hauko kwangu.

Kwanza jina. Watu wetu hulitumia neno tai kwa ndege wengi mno. Tumbusi mwenye shingo tupu, alaye mizoga, wengi humwita tai. Mwewe, yule mwizi wa vifaranga ambaye mkia wake una panda, watoto humwita tai. Furukombe wa ziwani mwenye kichwa cheupe, naye ni tai. Huyu tunayemzungumza leo si mmoja wa hao. Ni tai wa msituni mwenye kishungi cha manyoya kisogoni, na akikasirika au akishtuka hukisimamisha kikawa kama taji. Wataalamu wamempa jina la Stephanoaetus coronatus, nusu Kiyunani na nusu Kilatini, na taji limetajwa mara mbili ndani yake, kana kwamba mara moja haikutosha.

Mkitaka kumtambua, angalieni hivi. Mgongo wake ni mweusi wa rangi ya moshi. Kifuani na tumboni ana mabaka na mistari myeusi, myeupe na ya kahawia iliyoiva, yamechanganyika hata akikaa kivulini humwoni ijapokuwa unamtazama. Macho ya tai mzima ni ya manjano. Miguu imevikwa manyoya mpaka kwenye vidole, kama mtu aliyevaa soksi. Makinda yao ni tofauti kabisa: kichwa na kifua ni vyeupe, na watu wengi wakiona mtoto na mama yake juu ya mti mmoja hudhani ni ndege wa aina mbili. Jike ni mkubwa kuliko dume, kama ilivyo desturi ya tai wote. Jike mkubwa hufika ratili 10, yaani kilo 4 na nusu hivi, na mabawa yake yakikunjuliwa, toka ncha hata ncha, ni futi 5 mpaka 6.

Hapa naona mzee mmoja anatikisa kichwa. Ratili 10 tu? Ndiyo, Mzee. Jogoo mnene wa kizungu anakaribia uzito huo. Ndege huyu akikaa juu ya mti huonekana mkubwa kama mtu kwa sababu ya manyoya na kwa sababu ya hofu ya anayemtazama. Na katika Afrika yuko tai mwingine wa mbugani, mwenye madoadoa kifuani, ambaye ni mzito kuliko huyu. Lakini kwa nguvu, huyu wa msituni hashindwi na tai yeyote wa bara letu, na sababu yake ni miguu.

Watu hudhani tai huua kwa mdomo. Sivyo. Mdomo ni kisu cha kukatia nyama baada ya kazi kwisha. Silaha ni miguu. Miguu ya huyu ni mifupi na minene, na ukucha wa nyuma wa tai mkubwa hupita inchi 2 kwa urefu. Akimshuka mnyama humfumba kichwani au mgongoni kwa makucha, na kwa kishindo cha kushuka pamoja na nguvu za kubana, mnyama hufa mara moja au punde hivi. Kwa njia hiyo ameweza kuua wanyama wazito kuliko yeye mara kadhaa, kama paa na wana wa mbawala. Mnyama wa namna hiyo hawezi kuruka naye mzima. Humkatakata pale chini, akapeleka vipande juu ya matawi na kuviweka akiba, akala siku baada ya siku.

Sasa mabawa. Tai wa mbugani ana mabawa marefu, maana kazi yake ni kuelea juu saa nyingi akitazama chini. Huyu wetu ana mabawa mafupi na mapana, na mkia mrefu wenye mistari. Mmeona lori refu likijaribu kupita katika vichochoro vya sokoni? Na mmeona kijana mwenye baiskeli akipita palepale bila kugusa hata kikapu? Ndivyo walivyo tai hawa wawili. Huyu wa msituni hupita katikati ya matawi kwa kasi, akipinda kwa mkia kama usukani, na aweza kupanda karibu wima kutoka chini mpaka juu ya miti.

Na uwindaji wake si wa kukimbizana. Ni wa kungoja. Hukaa juu ya tawi karibu na mahali ambapo wanyama hupita au kunywa maji, akatulia saa nzima, saa mbili, asitikisike hata unyoya. Mnyama akifika chini yake hujiangusha. Pengine mume na mke huwinda pamoja: mmoja hujionyesha waziwazi, kundi la kima likamkodolea macho na kumpigia kelele, na mwenzake akaja kwa nyuma. Chakula chao hutegemea mahali. Katika msitu wa Kibale, nchi ya Uganda, wataalamu walikusanya mifupa chini ya viota kwa muda mrefu, wakaona kwamba katika kila wanyama 10 waliouawa, 8 au zaidi walikuwa wa jamii ya kima. Huku kwetu Kenya, penye misitu midogo na vichaka, hula sana paa wadogo, pimbi na perere, yule apigaye kelele usiku mitini kama mtu anayekabwa roho.

Nataka nikae kidogo katika habari za kima, maana ni habari ya ajabu. Kima wanamwogopa tai huyu kuliko kitu chochote kirukacho, na wamemwekea neno lake. Katika msitu wa Budongo, huko Uganda, dume la kima akimwona tai hulia mlio mmoja, na akimwona chui hulia mlio mwingine, na kundi lote hujua tofauti. Wakisikia la tai hushuka kutoka vileleni wakajificha penye majani mazito. Wakisikia la chui hupanda juu. Ukikosea mlio, unakwenda mdomoni mwa adui. Na si wao peke yao walioisoma lugha hiyo. Katika msitu wa Taï, huko Kodivaa, wachunguzi waliwapigia hondohondo sauti za kima zilizonaswa katika mashine. Hondohondo waliposikia mlio wa chui hawakujali, maana chui hawezi kumfuata ndege angani. Waliposikia mlio wa tai, wakashtuka na kupiga kelele wenyewe. Yaani ndege amejifunza maneno ya mnyama wa kabila jingine, na amechukua lile moja tu linalomfaa. Ninyi wachungaji mnaopita msituni, mkisikia kima wamenyamaza ghafula na kukaa kimya kama waliokatwa ulimi, tazameni juu.

Basi nije kwenye kiota, maana shauri letu liko hapo.

Kiota cha tai huyu ni kazi ya miaka. Hutafuta mti mkubwa wenye panda imara, mugumo au mpodo au mwingine, na hujenga kwa vijiti futi 40 au zaidi toka ardhini. Kiota kipya huweza kuchukua miezi kadhaa. Kisha kila wakati wa kuzaa huongeza vijiti na kutandika majani mabichi, na kwa sababu hiyo kiota cha zamani hupata upana wa futi 6 au 7, na kimo chake huweza kumpita mtu aliyesimama. Wazazi wakifa, wengine hukirithi. Kwa hiyo kiota mnachokiona kule bondeni huenda kilikuwapo kabla baadhi yenu hamjazaliwa, na wazee wachache hapa wameniambia kwamba wanakikumbuka tangu utoto wao.

Kabla ya kutaga, dume hupanda juu sana angani penye asubuhi iliyochangamka, akashuka na kupanda, akashuka na kupanda, kama mashua juu ya mawimbi, huku akilia mfululizo: kewi-kewi-kewi. Sauti hiyo husikika mbali, maili moja na kupita, na mara nyingi utaisikia usimwone mwenyewe kwa jinsi alivyo juu. Wengi mmeisikia mkalima bila kujua ni nani aliaye.

Jike hutaga yai moja au mawili, hulalia siku 50 hivi, na kazi kubwa ya kulalia ni yake. Dume huwinda na kumletea chakula. Makinda yakiwa mawili, yule aliyetangulia humpiga nduguye na kumnyang'anya chakula mpaka afe. Jambo hili huwachukiza watu wakilisikia, nami lilinichukiza nilipolisoma mara ya kwanza, lakini mama hukaa hapohapo asiamue. Mmoja tu hulelewa. Huyo hukaa kiotani siku 105 mpaka 115, ndipo huruka mara ya kwanza. Na hata akiruka, kazi ya wazazi haijakwisha. Hukaa jirani na kiota miezi 9 mpaka 11 mingine akiletewa chakula, huku akijifunza kuwinda taratibu, maana kungoja bila kutikisika na kujitupa kwa kipimo si elimu ya siku moja.

Aliyetufunulia jambo hilo sana kwa nchi ya Kenya ni Leslie Brown, aliyekuwa ofisa wa Idara ya Kilimo. Alipokuwa akifanya kazi ya ubwana shamba katika wilaya ya Embu, mwishoni mwa miaka ya 1940 na baadaye, aliona kilima kimoja katika nchi ya Mbeere kilichokuwa na viota vya tai wa aina nyingi, akawa akipanda kila alipopata nafasi na kuandika alichokiona. Kitabu chake juu ya tai kilitoka mwaka 1955. Baadaye alitazama kwa miaka mingi jozi moja ya tai wenye kishungi huko Karen, karibu na Nairobi. Hakuwa na mashine kubwa. Alikuwa na darubini, daftari na saburi. Na kutokana na saburi hiyo ikajulikana kwamba jozi ikifaulu kulea mtoto, huzaa mara moja tu katika miaka 2.

Hebu tufanye hesabu, wanafunzi. Siku 50 za yai, na siku 110 za kiota, ni miezi 5 na kidogo. Ongezeni miezi 10 ya kulishwa nje. Imekuwa mwaka na miezi kama 3 kwa mtoto mmoja, na bado wazazi hawajapumzika wala kutengeneza kiota. Mbuzi wa mzee atakuwa amezaa mara mbili au tatu katika muda huo, pengine mapacha. Mtu akiua tai mmoja wa jozi hii, msitu huu hautapata badala yake upesi. Na akikata mti, hata asipomgusa ndege mwenyewe, huenda wakapita miaka bila kuzaa.

Sasa nijibu swali la kina mama, wala sitalizunguka.

Je, tai huyu aweza kumshambulia mtoto? Aweza. Atakayewaambia kwamba haiwezekani anawapumbaza. Imeandikwa habari ya mtoto wa miaka 7 katika nchi ya Zambia, aliyekuwa akienda shuleni, akashukiwa na tai huyu akiwa bado hajakomaa. Alimrarua kichwani, mikononi na kifuani, na mama mmoja aliyekuwa karibu akamwokoa kwa jembe. Na iko habari ya kale zaidi. Mwaka 1924, katika machimbo ya chokaa ya Taung, Afrika Kusini, lilipatikana fuvu la mtoto mdogo wa jamii ya viumbe waliotangulia wanadamu, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Raymond Dart aliiandika habari yake mwaka 1925, na kwa miaka mingi watu hawakujua kilichomwua. Wengine walidhani ni chui. Mwaka 2006 Lee Berger alionyesha kwamba ndani ya matundu ya macho ya fuvu lile mna alama za kukwaruzwa, sawasawa na zile ambazo tai mwenye kishungi huziacha leo katika mafuvu ya kima. Basi hofu ya kina mama ina umri mkubwa kuliko lugha zetu zote.

Lakini pimeni. Mambo hayo yanatajwa vitabuni kwa sababu ni machache mno. Tai hawa wameishi kando ya mashamba yetu siku zote, na watoto wetu wamechunga mbuzi na kuokota kuni chini ya viota vyao. Katika mji wa Durban, Afrika Kusini, wameweka viota katika mabonde yenye miti katikati ya nyumba za watu, hata juu ya mikaratusi, na wanakula pimbi, na mara mojamoja paka wa watu. Hata Nairobi, katika msitu wa Karura, ule ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa mwaka 1999 walipoutetea usigawanywe kwa wajenzi, ndege huyu huonekana, na watu hupita chini wakitembea na watoto wao. Hatari iliyo wazi ni nyingine: jike mwenye kinda humrukia mtu apandaye mti wake, na humpiga kwa nyuma. Ninyi vijana mnaotafuta asali, mti ule uacheni. Na mtoto mdogo asiachwe peke yake penye ukingo wa msitu. Si kwa sababu ya tai tu, bali kwa nyoka, nyati na mengineyo mnayoyajua kuliko mimi.

Juu ya mbuzi, mzee ana haki ya kusikitika. Mwana-mbuzi ni mali, na mwaka huu malisho hayakuwa mazuri. Lakini angalieni jinsi ilivyotukia. Alikuwa wa siku chache, penye ukingo wa msitu, mama yake amefungwa kwa kamba, na mchungaji amekwenda kunywa maji. Tai hatafuti mbuzi. Hutafuta kitu chenye ukubwa wa paa kikitembea taratibu karibu na miti, na mwana-mbuzi ni hivyo hasa. Mbuzi akipita miezi michache na kuwa kundini pamoja na mtu, shauri limekwisha. Basi wana-mbuzi na wana-kondoo wafungiwe bandani majuma ya kwanza, au walishwe upande wa nyumbani. Kuku nao wapewe kivuli cha kujificha, japo mwizi wao mkubwa si huyu, ni mwewe na kicheche. Na mahali pa kulishia pasogezwe hatua 100 au 200 mbali na miti mikubwa. Hayo hayagharimu hata senti moja, ila usumbufu.

Sumu ndiyo isitajwe tena hapa. Tai huyu hupenda nyama aliyoiua mwenyewe, kwa hiyo ile nyama mnayotaka kuiweka juu ya jabali huenda ikamkosa yeye, ikawaua mbwa wenu, na fisi, na tumbusi. Tumbusi wa nchi hii wamepungua sana kwa ajili ya mizoga iliyotiwa sumu kumkomesha simba au fisi, na sasa penye mizoga mingi hakuna wa kuiondoa. Tena ni kosa la sheria. Uwindaji wa wanyama wa porini ulipigwa marufuku Kenya tangu mwaka 1977, na sheria iliyotungwa mwaka 2013 imeongeza adhabu.

Baadhi ya watu, wakitaka kumtetea ndege huyu, husema: mwacheni, atawalindia mahindi, maana anakula kima. Mimi sitawaambia hivyo. Jozi moja ya tai inahitaji nchi kubwa ya kuwindia, na kima wanaowaua ni sehemu ndogo ya makundi yote. Wenye mashamba mtaendelea kulinda mahindi yenu kwa kelele na mbwa. Ila neno hili ni kweli: kima wakijua tai yuko, hawakai ovyo mahali peupe, na wala hawapumziki. Idara ya Misitu ilisumbuka miaka mingi na kima wanaomenya maganda ya misonobari na misindano iliyopandwa, miti ikakauka au kuharibika. Chui wamepungua katika misitu mingi. Mkimwondoa na tai, kima atabaki na adui gani ila ninyi? Na pimbi je, azaaye kila mwaka na kula majani?

Kwa jumla ya Afrika, tai huyu yupo toka Senegali na Ethiopia hata Afrika Kusini, lakini anapungua popote misitu inapopungua, na mashirika ya dunia yanayohesabu viumbe yamemweka katika orodha ya wale wanaokaribia hatari. Jamaa zake wa kazi ileile katika nchi nyingine wana hali ngumu zaidi. Huko Ufilipino yuko tai mkubwa alaye kima na wanyama wengine wa mitini, ambaye nchi ile ilimfanya ndege wa taifa mwaka 1995. Wamebaki kama jozi 400 tu, kwa sababu misitu ya chini ilikatwa kwa mbao. Katika Amerika ya Kusini yuko mwingine mwenye nguvu kuliko hata wetu, na yeye pia ametoweka katika nchi nyingi za upande wa kaskazini alikokuwa zamani. Hao wote wana desturi moja na wetu: mti mmoja mkubwa, mtoto mmoja, miaka 2 au zaidi.

Mzee mwenye mbuzi aliniuliza jana jioni, tulipokuwa tukinywa chai kwake: "Mwalimu, ndege huyu ananifaa nini mimi?" Nilifikiri usiku kucha jinsi ya kumjibu, maana mtu aliyepoteza mali hajibiwi kwa maneno ya hewani. Nami nasema hivi. Mti ule bondeni uko juu ya chemchemi mnayoteka. Tai hujenga penye mti mkubwa, na mti mkubwa huota penye maji; mmoja akiondoka, huwafungulia mlango wakata miti waufuate mwingine. Msitu ambamo tai huyu bado anazaa ni msitu ambao bado una miti ya kimo, una paa, una perere, una maji. Siku atakapoacha kulia juu yenu asubuhi, mtapata habari mbaya kabla hata ya kuona mto umepungua. Kama hiyo si faida, Mzee, basi nimeshindwa, na nitakubali kushindwa.

Kwa wale wanaotaka kumwona wenyewe kabla ya kutoa shauri lao: kinda lililoko kiotani sasa limeota manyoya, na latazamwa vizuri toka upande wa pili wa bonde bila kuwasumbua wazazi wake. Kesho tutakutana darajani saa tatu ya asubuhi, wakati dume anapoanza kupanda angani. Watu wasizidi 10 kwa safari moja, nguo nyeupe zisivaliwe, na mbwa wabaki nyumbani. Darubini ni moja, nayo itaanza kwa mzee mwenye mbuzi.